Kuni za Jilala

Eunice ndiye aliyeona kwanza kwamba ndani ya turubai lao kulikuwa na pumzi iliyozidi.

Ilikuwa alfajiri ya mwezi wa saba, ile saa ambayo hata jogoo anawika kwa kutetemeka. Alikuwa ameketi ananyonyesha. Baridi ya siku hiyo ilikuwa ya kiburi, ukifungua mdomo unatoa mvuke kama sufuria ya ugali. Sasa mwanamke mwenye kichanga saa hizo ana kazi gani zaidi ya kutazama? Akatazama. Mvuke wake mwenyewe huu hapa. Wa mume wake Sostenes, aliyelala amejikunja kama kamba ya kisima, ule pale. Wa mtoto wao Nelly, mwezi mmoja na siku nne tangu aje duniani, ulikuwa mwembamba kama wa kikombe cha chai iliyoanza kupoa. Mitatu. Na kule karibu na jiko, mahali palipokuwa na buti za Sostenes tu na mtu hakuna, mvuke wa nne ulikuwa unapanda taratibu, unakatika, unapanda tena, kama wa mtu mzima aliyepata usingizi mzuri baada ya siku nyingi.

Akajisemea kwamba ni jiko. Akanyoosha mkono juu ya jiko. Majivu yalikuwa yamepoa kitambo, ukiyagusa ni kama unga wa dukani.

Hakumwambia mume wake. Alijua atajibiwa ni mambo ya uzazi.

Kambi yenyewe iko nyuma ya Nyarugusu, huko Geita, unaiacha njia kubwa unafuata vumbi mpaka uchoke kuuliza. Dhahabu ilionekana mwezi wa nne, na mwezi wa tano ulipoisha walishafika watu wa kujaza minada miwili, kila mmoja na turubai lake na uongo wake. Mwezi wa sita ukashuka ule upepo wa kipupwe, wakaibatiza kambi jina Friji. Na hapa naomba mtu asinibishie. Najua wapo wanaosema Kanda ya Ziwa hakuna baridi, kuna upepo tu. Hao wamelala kwenye nyumba za matofali. Kalale wewe juu ya udongo, chini ya nailoni, kwenye kilima kilichonyolewa miti yote, halafu uje uniambie ni upepo tu.

Mtaalamu wa baridi pale Friji alikuwa Marselino, jirani wa akina Sostenes na mwenzake kwenye duara, maana shimo la kuchimbia dhahabu wao huliita duara. Marselino alitoka Makete, kule milimani kwenye barafu, na hilo hakuacha mtu alisahau. Alitembea asubuhi kwa fulana ya mikono mifupi, makusudi, ili wamuulize.

"Hii mnaita baridi?" angesema. "Kwetu hii tunaanikia nguo."

Lakini tumpe haki yake, alijua kulala nje. Siku Eunice aliporudi kutoka zahanati na mtoto, Marselino aliingia turubaini mwao, akatazama kitanda chao, akacheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, nani kawafundisha hivi? Blanketi tatu juu, chini mkeka. Baridi haidondoki kutoka mbinguni, inapanda kutoka chini. Udongo ndio unaowanyonya. Blanketi mbili chini, moja juu."

Akawakatia nyasi kavu akazipanga mpaka magotini, juu yake viroba, juu ya viroba mkeka. Akang'oa turubai zima akaligeuza ili mlango utazame machweo, kwa kuwa upepo wa kipupwe unatoka mawio. Akamfokea Sostenes kwa kulala na nguo alizotoka nazo shimoni. "Jasho la mchana ndilo linalokutia ubaridi usiku. Vua, vaa kavu, hata kama ni gauni la mkeo." Akawaonyesha kupasha mawe motoni na kuyafunga kwenye matambara, yakae miguuni, yasiguse ngozi ya mtoto. Na kuhusu jiko akainua kidole kama mchungaji wa kanisa.

"Jiko liwake nje mpaka makaa yawe mekundu yote. Liingie, lipashe, litoke kabla hamjalala. Na mlango uachwe wazi upana wa kiganja. Mkilala nalo mmefunga, asubuhi sisi tunachanga sanda."

Ungeuliza kwa nini watu wenye kichanga hawakurudi kwao Songwa, Kishapu, kwa mama yake Eunice, penye ukuta na bati. Ni kwa sababu duara lao lilikuwa limefika mwambani, penye dhahabu. Mchimbaji akiondoka mwamba umeshaonekana, akirudi anakuta mgongo wa mtu mwingine ndani ya shimo lake. Sostenes alisema wiki mbili. Kila wiki ilipokwisha, akasema wiki mbili.

Kisha Nelly akaanza kukohoa.

Kuni zilikuwa zimekwisha kilima kizima, watu wameshachoma hadi mipini ya majembe. Ndipo jioni moja Sostenes alipokuja amebeba mzigo wa magogo makavu, meusi, yamenyooka kama bunduki, kila moja limechongwa pengo kwenye ncha. Alisema ameuziwa na mtu wa mkokoteni. Eunice akashukuru, hakuuliza zaidi. Magogo yale yaliwaka vizuri ajabu, hayakutoa moshi, na makaa yake yalidumu. Kasoro ilikuwa moja. Moto wake ulikuwa mzuri kutazama kuliko kuota. Unaukaribia, unaukaribia, mpaka nywele za mkono zinataka kuungua, na ndani ya mfupa baridi imekaa palepale. Halafu harufu. Kuni za kawaida hunuka moshi. Hizi zilinuka udongo wa chini, udongo uliolowa ambao haujawahi kuona jua.

Kesho yake alfajiri ndipo Eunice alipohesabu mivuke minne. Na usiku uliofuata, jambo likatokea.

Mtoto alikuwa amekohoa tangu magharibi. Wakaingiza jiko, wakasema litatoka akishasinzia, na mlango wakauacha wazi upana wa kiganja kama walivyofundishwa. Upepo ulikuwa unalipiga turubai makofi. Wote watatu wakasinzia, si usingizi wa raha bali ule wa kuchoka, unaokushika huku macho yanataka kubaki.

"Funga, baridi inaingia."

Sostenes akasikia. Sauti ilikuwa ya chini, ya karibu, ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Akaona ni haki, akainuka nusu, akafunga kamba za mlango zote, akalala.

"Na huko chini, funga."

Akainuka tena, na safari hii macho yake hayakufunguka sawasawa, akapapasa gizani akatafuta mawe yale ya kupasha ambayo sasa yalikuwa yamepoa, akayapanga juu ya pindo la turubai moja baada ya jingine, kwa uangalifu, kama mtu anayezungushia kaburi mawe, mpaka upepo ukanyamaza kabisa humo ndani na kukawa na utulivu ambao hajawahi kuusikia pale Friji tangu afike.

"Sasa jiko lisogeze kwa mtoto."

Akalisogeza. Akalisogeza kwa mikono yake mwenyewe, na alikumbuka baadaye kwamba chuma kilikuwa cha moto na hakikumuunguza, na kwamba alipolala tena alisikia mgongoni kwake mtu akijisogeza, akijibana, akitafuta nafasi, kama ndugu wanavyobanana kitanda kimoja, na akajisogeza yeye pia kumpisha, akidhani ni mkewe, ilhali mkewe alikuwa upande wa pili kabisa, na mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa mkewe.

Aliyewaokoa ni mbuzi, na anayetaka kucheka acheke. Pale alipolala mtoto turubai lilikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi, Eunice alikuwa amelizibia kanga. Mbuzi wa mama ntilie akakata kamba usiku, akapita akinusa, akaiona ncha ya kanga kwa nje, akaivuta, akaila. Hewa ikaingia puani mwa Nelly. Kulipokucha Nelly akalia, akalia bila kunyamazishwa, Marselino akasikia. Akabisha hodi mara tatu. Akakata kamba za mlango kwa panga, akawaburuta watu wazima wawili kwa miguu hadi kwenye vumbi, wakatapika hapo mpaka jua likawakuta.

Sauti ilipomrudia, Marselino hakuwa na mzaha.

"Nimewaambia nini kuhusu jiko? Nani kafunga mlango?"

"Mimi," Sostenes alisema, kichwa amekishika kama kitadondoka. "Mama Nelly aliniambia nifunge."

Eunice akageuka. "Mimi?"

"Si ulisema baridi inaingia?"

"Baba Nelly, mimi sikusema neno. Nilikusikia wewe unasema funga, halafu nikakuona unainuka unafunga. Nikawaza, huyu naye anajituma mwenyewe?"

"Sikusema."

"Ulisema. Mara tatu."

Wakatazamana. Mtoto alikuwa amenyamaza mikononi mwa Eunice. Marselino akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha macho yake yakaenda kwenye lile rundo la kuni kando ya turubai. Akaliendea. Akainua gogo moja, akapitisha kidole kwenye lile pengo la ncha, akaliweka chini upesi, akapangusa mkono kwenye suruali.

"Sosi," alisema polepole. "Hizi si kuni. Haya ni matimba."

Matimba ni yale magogo yanayopangwa ndani ya duara kuzuia kuta zisianguke. Kila gogo hukatwa pengo lishike gogo mwenzake. Mchimbaji hawezi kulikosea, kama mchungaji asivyokosea chapa ya ng'ombe wake.

"Umeyatoa duara gani?"

Sostenes akatazama chini.

"Sostenes, nakuuliza mbele ya mkeo. Duara gani?"

"Lile la ng'ambo ya korongo."

"La kaniki?"

Sostenes akainamisha kichwa kukubali.

"Mama yangu," Marselino akasema, akakaa chini kwenye vumbi.

Duara la kaniki lilikuwapo kabla ya Friji. Miaka ya nyuma mtu mmoja aitwaye Jilala alichimba pale mwezi kama huu, akafukiwa. Wenzake walifukua siku tisa wasimfikie, na kila walipofukua kifusi kikashuka kingine. Ndugu zake wakaja, wakafunga kitambaa cheusi cha kaniki kwenye timba la kwanza mdomoni mwa shimo, wakasema basi, hii ndiyo nyumba yake. Na wachimbaji wana sheria moja ambayo haijaandikwa na haivunjwi hata na mlevi. Duara alilobaki mtu, hung'oi timba lake.

"Yapo mangapi?" Marselino aliuliza.

"Nimetoa kumi na moja. Mengine yamefunikwa na kifusi." Ghafla Sostenes akapandisha sauti. "Sasa wewe ungefanya nini? Mtoto anakohoa! Kilima kizima hakuna hata kijiti! Nilisema yule amekufa, nguzo za nini? Huyu wangu ni mzima, huyu ndiye anasikia baridi!"

Lakini Eunice alikuwa ameshika nyayo za Nelly na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba Nelly. Mguse."

Nyayo zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Walimkimbiza zahanati kwa bodaboda. Nesi alimpima, akasema homa hana, mapafu hayasikiki vibaya, ila mwili umepoa mno. Akamwambia Eunice amvue mtoto amlaze kifuani, ngozi kwa ngozi, amfunike, asimtoe. Ushauri mzuri. Eunice alifanya hivyo mchana kutwa, na mtoto hakupata joto, bali mama ndiye aliyepoa. Ubaridi ulitoka kwa kile kiumbe kidogo ukamwingia kifuani, ukashuka tumboni. Jioni Nelly akakataa titi. Walilala turubaini kwa Marselino, na Marselino, mtu wa Makete, alivaa makoti mawili na hakusema neno kuhusu kwao. Usiku kucha palikuwa na mtu wa tano. Hakuonekana. Lakini kila walipojisogeza, nyasi zilivunjika upande ambao hapakuwa na mtu, na kila mtoto alipokohoa, kikohozi kingine kilifuata, kizito, chenye mchanga ndani.

Kulipokucha Marselino akapanda pikipiki kwenda upande wa Segese kumleta mganga aitwaye Lusia.

Watu wa huko humwita mganga wa namna yake mfumu. Usifikirie vibuyu na ngozi ya chui. Mama Lusia alishuka kwenye bodaboda amevaa koti la kung'aa kama la polisi wa barabarani, kofia ya sufu na miwani ya kusomea, akimgombeza dereva kwa kumpitisha kwenye mashimo.

"Mwangaluka," alisalimu kwa Kisukuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hayo majivu yako wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemtajia majivu, Marselino aliapa hakumwambia. Akaletewa jiko. Akachota kidogo, akanusa, akakunja uso.

"Nani aliyeng'oa?"

"Mimi, mama," Sostenes akasema.

"Mwanangu, umemvunjia mtu nyumba mwezi wa mbeho, mwezi wa baridi. Wewe ungekuwa wewe, ungelala wapi?" Akamfunua mtoto, akamgusa paji, akamfunika upesi. Sauti yake ikashuka. "Huyu mgeni hana ubaya wa kuzaliwa nao. Anasikia baridi tu. Ameona mahali penye joto jipya, akaingia kulinywa. Akilimaliza la mtoto ataanza la mama."

"Anataka nini?" Eunice alinong'ona. "Mbuzi? Kuku? Nitatafuta."

"Kuku ataota moto? Anataka nguzo zake. Matimba kumi na moja, mapya, yenye mapengo. Majivu yote yarudi. Na anayeyapanga awe huyuhuyu aliyeyang'oa, peke yake." Akamgeukia Sostenes. "Ukiwa kule chini husemi. Utasikia mengi, hujibu. Unazungumza kwa kamba kama mnavyofanya. Mvuto mmoja, washushe gogo. Mitatu, wakupandishe. Na wewe mayu, mama mtoto, utakaa mdomoni mwa shimo na mwanao, maana joto lake litarudi hapohapo likirudi. Sasa nisikilize vizuri. Sauti yoyote itakayotoka humo si ya mumeo. Mumeo hasemi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Rudia."

"Mume wangu hasemi."

Matimba yalichangwa na wachimbaji. Wale waliokuwa hawaazimani hata kiberiti, siku ile kila duara lilitoa gogo, kwa sababu hakuna aliyetaka Jilala aanze kutafuta turubai jingine. Saa nane mchana jua likiwa jeupe na upepo ukipuliza vumbi, Sostenes alifungwa kamba kiunoni, akaingia kwenye shimo la kaniki. Kina chake mpaka kwenye kifusi kilikuwa kama watu wanne wakisimama mabegani. Marselino alishika kamba, ameizungusha kwenye gogo lililolazwa. Lusia alisimama na ndoo ya majivu, na kando yake ndoo tupu ya kushushia vifaa. Eunice alikaa ukingoni, Nelly kifuani, hapumui vizuri wala halii.

Mvuto mmoja. Wakashusha gogo. Likasikika likigongwa, ko, ko, ko. Mvuto mmoja. Jingine. Ikaenda hivyo hadi gogo la tisa, na Eunice alianza kupata imani. Baada ya la tisa kamba ikatulia.

Ikatulia muda mrefu.

"Mama Nelly."

Ilikuwa sauti ya Sostenes. Haikuwa na mafua wala mchanga. Ilikuwa yake, pamoja na ule mkwaruzo wa mtu anayevuta tumbaku tangu ujanani.

Lusia akatikisa kichwa.

"Mama Nelly, huku kuna joto. Hujawahi kuona. Ni kama ndani ya tumbo la ng'ombe. Kuta zenyewe zinatoa joto."

Eunice akafumba macho, akasema kwa midomo bila sauti, mume wangu hasemi, mume wangu hasemi.

"Mshushe mtoto. Mweke kwenye ndoo, mshushe polepole nimpokee. Kidogo tu, apate joto, nimrudishe. Eunice, mimi ni baba yake. Siku ulipojifungua si mimi niliyekubeba mgongoni mpaka njia ya bodaboda, ukaniuma bega? Alama ipo. Mimi ndiye. Atakufa huko juu, Eunice, unamwona kabisa anakufa, na huku joto lipo la bure."

Na hapo ndipo ningependa wanaosema wao wangeweza wanyanyue mkono, kwa sababu mtoto alikuwa kweli anakufa, alikuwa mzito na baridi kama udongo wa mfinyanzi, na mama aliyetumia siku mbili kumpa joto la mwili wake mpaka lake likaisha alikuwa anaambiwa, kwa sauti ya mwanamume aliyemzalia, kwamba kuna joto hatua kumi chini ya miguu yake, na Eunice hakuamua jambo lolote, aliapa baadaye kwamba hakuamua, ila alipofumbua macho alikuta amepiga magoti, ndoo ya kushushia iko mbele yake, kanga imeshatandikwa ndani yake vizuri kama kitanda, na mikono yake inamtoa mtoto kifuani.

"Shemeji!" Marselino alipiga kelele. Hakuweza kuiachia kamba. "Shemeji, hapana!"

Lusia hakupiga kelele. Aliikanyaga ile ndoo kwa kisigino ikabingirika, akammwagia Eunice usoni kiganja cha majivu. Eunice akakohoa, akalia, akamkumbatia mtoto. Chini pakawa kimya. Kisha kamba ikavutwa mara moja. Gogo la kumi. Mara moja. La kumi na moja. Ko, ko, ko. Lusia akayamwaga majivu yote shimoni, yakashuka kama moshi unaorudi nyumbani.

Mivuto mitatu.

Marselino akavuta, na kabla kichwa cha Sostenes hakijatokea, Nelly akapiga kelele ya hasira, ya mtoto mwenye njaa, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Eunice akamgusa nyayo. Moto. Akamlamba nyayo kama ng'ombe anavyolamba ndama, akicheka, analia, majivu uso mzima. Wachimbaji waliokuwa wamejificha nyuma ya mafungu ya kifusi wakapiga vigelegele kama wanawake.

"Wabeja," Eunice alimshukuru Lusia. "Wabeja sana mayu."

"Msilale hapa tena," Lusia alisema, akapanda bodaboda yake. Alimtazama Sostenes kidogo, akafungua mdomo, akaufunga, akamwambia dereva aende.

Jioni wakawa wanafunga mizigo. Kwa mara ya kwanza Eunice alikuwa mchangamfu. Nelly alikuwa ameshiba, amelala.

"Lakini lile jitu lina akili," alisema akikunja blanketi. "Limekuiga mpaka mkwaruzo wa tumbaku. Na la bega! Limejuaje habari ya bega?"

Sostenes alikuwa anafunga kamba. Hakuinua kichwa.

"Baba Nelly, nakuambia ilibaki kidogo nimshushe."

"Najua."

"Uliyasikia yote?"

"Hakuna aliyeniiga, Eunice."

Mikono ya Eunice ikasimama.

"Ni mimi," akasema Sostenes. "Mama Lusia alinikataza kusema, nikasema. Kule chini kuna joto, mke wangu. Sijui nikueleze vipi. Niliondokewa na baridi yote ambayo nimewahi kuipata tangu nizaliwe. Nikakukumbuka wewe na mtoto huko juu kwenye upepo. Hakuna aliyenishika mdomo. Nilitaka ashuke."

Nje watu walikuwa wanaitana kwenda kula. Eunice alimsogeza mtoto upande wake wa pili, mbali naye, polepole, asionekane anamsogeza.

"Na sasa hivi?" aliuliza.

Sostenes akakaza fundo la kamba. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa ni Sostenes kabisa, mume wake wa siku zote.

"Bado nataka," alisema. "Kwa hiyo ondoka sasa, Marselino akupeleke. Nenda kwa mama. Mimi nikikuambia nakuja kuwachukua, usikubali."

Eunice yuko Songwa mpaka leo, kwenye nyumba yenye ukuta na bati, na mtoto amenona. Marselino anasema turubai la Sostenes limekunjwa na halijatandikwa tena. Mchana anachimba kama wengine, anacheka kama wengine. Jua likizama anaacha blanketi lake, anavuka korongo kwenda kulala kwenye duara la kaniki.

Kila jioni kabla hajavuka anapiga simu.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Baba Nelly."

"Na huko baridi ikoje?"

Kipupwe hupiga Kishapu pia. Mbuga ile haina mti wa kuuzuia upepo, na jioni hizo unapita chini ya mlango ukiwa na meno. Eunice huwa amekaa kitandani na blanketi mbili mabegani, Nelly amefungwa kifuani kwake ndani ya sweta la bibi yake. Anaibana taya isigonge. Anavuta pumzi.

"Baridi ipi?" anamjibu. "Huku ni joto tupu. Mtoto nimemlaza bila nguo."